Mkahawa na Utunzi: Mfano wa Café de Flore

Ni rahisi kuuchukulia mkahawa kuwa pambo tu katika wasifu wa mwandishi. Mfano wa Café de Flore, mjini Paris, wakanusha dhana hiyo. Ufaransa ilipokaliwa na majeshi ya Ujerumani (1940–1944), makaa yaliadimika majumbani. Simone de Beauvoir na Jean-Paul Sartre waliandika mkahawani humo kwa kuwa mlikuwa na jiko la kuwapasha joto. Lakini joto halikuwa faida pekee. Katika L'Être et le néant (1943), Sartre anamtumia mhudumu wa mkahawa, anayeuigiza uhudumu wake kupita kiasi, kufafanua hali ya mtu kuidanganya nafsi yake. Kwa hiyo, mhakiki anayeitenga matini na mazingira ya utunzi wake hupoteza sehemu ya maana yake.