Baiskeli Yenye Mzigo Mteremkoni

Ndugu mkulima, baiskeli iliyoegemezwa ukutani ni kitu kipole. Ipakie mitungi miwili ya maziwa, kila mmoja lita 20, upole umekwisha. Lita moja ya maziwa ina uzito unaopita kilo moja kidogo; basi umebeba zaidi ya kilo 40 nyuma yako, bila kuhesabu mitungi yenyewe.

Njia ya kutoka Nakuru kwenda Nyahururu yapita hapa kwetu Bahati, kisha yateremka kuingia bonde la Subukia. Baiskeli ikiachiwa hapo, mwendo wa kilomita 30 kwa saa si ajabu, nao ni kama mita 8 kila sekunde. Sasa sikiliza vizuri: mwendo ukizidi mara mbili, nafasi ya kusimamia huzidi mara nne, si mara mbili. Kwa hiyo anza kushika breki juu, kabla mteremko haujakuchukua. Shika ya nyuma kwanza, kisha ya mbele taratibu. Ukibana ya mbele peke yake kwa ghafula, utarushwa juu ya usukani. Wakati wa mvua rimu hulowa na raba za breki huteleza. Zishike kidogo kidogo mapema ili zipanguse maji.

Mzigo ukiwa mzito sana, shuka uikokote. Wako waonao haya kushuka. Mimi niliona haya siku moja nilipokuwa kijana, kwa kuwa wasichana walikuwa wakichota maji kando ya njia. Trei mbili za mayai ziliishia mtaroni, na kovu la goti ninalo mpaka leo.

Je, breki zako ni nzima? Shika ya mbele kwa nguvu, kisha sukuma baiskeli. Gurudumu likizunguka, raba imekwisha au vyuma vimelegea. Fanya vivyo hivyo kwa ya nyuma. Raba mpya ni rahisi kuliko mtungi mmoja wa maziwa yaliyomwagika.

Wapelekao maziwa alfajiri wakumbuke ukungu wetu. Taa nyeupe iwe mbele, na kioo chekundu nyuma kisifunikwe na gunia. Endesha upande wa kushoto, pamoja na magari, wala usiyakabili. Mzee ambaye masikio yamepungua asingoje honi; ageuke kutazama kabla ya kukata kona. Mama naye aikunje leso yake mbali na mnyororo.

Watoto wetu hujifunza kwa baiskeli ya baba, mguu ukipitishwa chini ya bomba. Mwili huwa umepinda upande mmoja, na mkono haufikii breki vizuri. Sisemi wakatazwe, maana wengi wetu tulijifunza hivyo, lakini wafanyie uwanjani, si barabarani.

Mtoto abebwaye nyuma ana hatari nyingine: kisigino chake huingia kati ya spoki, na jeraha hilo huchukua majuma mengi kupona. Chukua mtungi wa plastiki uliotoboka, kata mbavu zake mbili, uzifunge kwa waya kila upande wa gurudumu la nyuma. Ncha za waya zigeuzwe nje, zisiguse tairi, nawe uzikunje zisimchome mtoto. Kisha zungusha gurudumu usikilize kama kuna kinachokwaruza.