Mazoezi si Adhabu

Katika wilaya zetu za Mbulu na Hanang ni vigumu kuzungumzia mazoezi bila kumtaja Mzee John Stephen Akhwari. Mzaliwa huyo wa Mbulu alishiriki mbio za marathoni katika Michezo ya Olimpiki jijini Mexico mnamo tarehe 20 Oktoba, 1968. Njiani alianguka, akaumia goti, akafungwa bendeji na kuendelea. Aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, akawa wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza. Habari hii husimuliwa kwenye mahafali na mikutano ya hadhara, na karibu kila mara mzungumzaji huhitimisha kwa kutuhimiza kuvumilia maumivu.

Kwa heshima zote kwa mzee wetu, ipo namna nyingine ya kuisoma habari hiyo. Akhwari alikuwa mwanariadha aliyeandaliwa, katika siku ya pekee, akiwa amevaa jezi ya taifa. Mkazi wa Dongobesh au Katesh anayetoka kutembea Jumanne asubuhi hana deni la namna hiyo. Goti likimvimba, wajibu wake ni kusimama. Aidha, wasimuliaji wengi huacha kusema kwamba katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Edinburgh mwaka 1970, Akhwari huyohuyo alikuwa wa tano katika marathoni. Hakuna awezaye kukimbia hivyo kwa goti ambalo halijapewa muda wa kupona.

Nimeanza na hayo kwa sababu sifa ya wakimbiaji wetu ina upande wake wa pili. Mwaka 2023 mwana wa Manyara, Gabriel Geay, alishika nafasi ya pili katika marathoni ya Boston, akimtangulia Eliud Kipchoge. Tunajivunia. Lakini mtu wa kawaida akijipima kwa watu hao, huona kwamba mazoezi ni ya wenye vipaji, naye hayamhusu. Hukaa pembeni akashangilia, huku shinikizo la damu likimpanda taratibu.

Chanzo kingine kiko shuleni. Wengi wetu tulikutana na mazoezi kwanza kama adhabu. Umechelewa namba, zunguka uwanja mara tano. Umepiga kelele darasani, ruka kichura. Jioni mtoto yuleyule alicheza rede au kombolela mpaka mama akamwita mara tatu, wala hakukumbuka kuchoka. Miguu ilikuwa ileile na jasho lilelile. Kilichotofautiana ni kwamba asubuhi alilazimishwa na kuchekwa, na jioni alichagua mwenyewe akiwa na wenzake. Kwa bahati mbaya, neno “mazoezi” lilibaki upande wa asubuhi. Walimu wetu wanafanya kazi kubwa ya kuandaa timu za UMITASHUMTA, nasi tunawapongeza. Hata hivyo timu huchukua wachache. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtoto wa umri wa kwenda shule apate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, na njia nyepesi ya kuzipata ni michezo ambayo haina wa mwisho wa kuchekwa.

Mwandishi wa makala haya naye ni mwanafunzi wa somo hili. Januari moja nilinunua raba nikaanza kukimbia na rafiki aliyekuwa na miaka mingi ya mazoezi. Nilimfuata kwa kasi yake. Wiki ya tatu goti lilivimba, na raba zikakaa uvunguni mpaka masika. Kilichoniumiza zaidi ni aibu: nilikuwa nikibadili njia ili nisikutane na rafiki yule akaniuliza. Nilirudi bila kukusudia. Mvua ziliharibu njia, bodaboda zikawa hazifiki kwetu, nikaanza kutembea na jirani yangu tukitoka kazini. Tulizungumza habari za watoto na bei ya vitunguu saumu, na mlima ule ukaisha kabla ya mazungumzo. Njia ilipotengenezwa, bodaboda zikarudi, sisi tukaendelea kutembea.

Mazungumzo yale ndiyo kipimo bora kwa anayeanza. Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, kasi yako ni ya wastani na inatosha. Ukishindwa hata kumjibu mwenzako, punguza. Kwenye miinuko yetu kupunguza kasi si uvivu. Kwa mtu mzima ushauri ni dakika 150 hadi 300 za kasi hiyo kwa wiki, yaani kama nusu saa kwa siku tano. Kulima, kuchota maji na kutembea kwenda mnadani vyote huhesabiwa. Mkulima aliye katikati ya palizi hahitaji kukimbia jioni. Anahitaji kula na kulala. Wanaopaswa kujihesabia upya ni dereva wa bodaboda, muuza duka, mtumishi wa ofisini kama mimi, na hata mkulima huyo mavuno yakishaingia ghalani. Siku mbili kwa wiki ongeza mazoezi ya nguvu, kama vile kuketi na kuinuka kitini mara kadhaa bila kushika kitu.

Wapo pia wanaokimbia ili kulipia nyama waliyokula harusini, au wanaojilazimisha kukimbia wakiwa na homa kwa kuogopa kukosa siku moja. Huko ni kurudia adhabu ya shuleni, safari hii mwalimu na mwanafunzi wakiwa mtu mmoja. Mwenye homa apumzike na aende zahanati kupima.

Kwa akina mama kikwazo kikubwa ni macho ya watu. Mama wa miaka 50 akitembea kwa haraka bila ndoo wala mzigo, huulizwa msiba uko wapi. Dawa yake ni kutoka wawili au watatu. Kikundi cha vikoba kinachokutana kila wiki kinaweza kutembea nusu saa kabla ya kufungua daftari la hisa, kwa kitenge na viatu vya kawaida visivyobana.

Mnamo Desemba 2016, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alielekeza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Siku moja kwa mwezi haitoshi kuujenga mwili, ila inatosha kumpata mwenzako wa kutembea naye siku nyingine zote.

Mwenye shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa moyo aonane kwanza na mtoa huduma za afya. Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida, acha mara moja na uende kituo cha afya kilicho karibu.

Zoezi la wiki hii: chagua siku tatu na mtu mmoja wa kutembea naye dakika 20. Ukirudi usiandike umbali wala muda. Andika mlichozungumza, na kama ungependa kwenda tena kesho.