*RAMADHANI, SIKU YA 13: KUTOUMWA SI KUPONA*



Ndugu zangu wa msikiti wetu, akina baba, akina mama na vijana, saumu maqbul. Kumi la kwanza limeshatuaga, tumo katika kumi la kati. Darasa la leo linaanzia kwenye mguu wangu. Wengi mliniona Ramadhani iliyopita nasali kwenye kiti, mkauliza kulikoni. Nikawa najibu "mguu tu" na kunyamaza. Leo nawapa jibu kamili, maana ndani yake kuna aibu ambayo nadhani si yangu peke yangu.

*Ilivyokuwa*

Mwanzoni mwa Rajab tulikuwa tunacheza mpira wa maveterani, jioni. Nikakanyaga ili nichomoke na mpira, nikasikia "pa!" nyuma ya kisigino, kama mtu amenipiga teke. Nikageuka nimgombeze. Nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Hospitali daktari alinilaza kifudifudi. Akaminya kigimbi cha mguu mzima, unyayo ukacheza. Akaminya cha mguu wa pili, unyayo ukatulia tuli. Kano ya kisigino ilikuwa imekatika.

Hiyo ndiyo kano nene na yenye nguvu kuliko zote mwilini. Inaunganisha misuli ya kigimbi na mfupa wa kisigino. Bila hiyo huwezi kujiinua kwa ncha za vidole, wala kukimbia. Lakini damu inayoifikia ni kidogo, ndiyo maana kupona kwake ni kwa polepole. Wako wanaofanyiwa upasuaji. Mimi nilitibiwa bila kisu: kwanza plasta, mguu ukiwa umeelekezwa chini ili ncha mbili za kano zikaribiane, kisha kiatu maalumu chenye vipande vya kuinua kisigino, vikitolewa kimoja baada ya kingine.

Ramadhani ilipoingia nilikuwa nimeshavua kile kiatu. Maumivu hakuna. Binti wa fiziotherapia aliyekuwa akinihudumia akanionya: "Baba, sali kwenye kiti kwanza. Ukiinuka kutoka sijda unasukuma kwa vidole, kano inavutwa. Miezi hii ya mwanzo ndiyo inakatika tena kirahisi."

Nilimsikiliza siku tisa. Usiku wa kumi nikakiacha kiti nyuma, nikaingia safu ya mbele, nikasimama rakaa zote ishirini za tarawehe. Asubuhi kifundo kimevimba, hata kukanyaga siwezi.

Alhamdulillah, haikuwa imekatika tena. Lakini nilirudishwa kwenye kiatu. Nikajitetea kwa yule binti: "Mwanangu, nilisimama kwa ajili ya Allah." Akanijibu kwa adabu: "Baba, aliyekuamrisha kusali si ndiye aliyekuruhusu kukaa?"

Sikuwa na jibu. Maana ukweli nilikuwa naujua. Vijana niliowasomesha madrasa walikuwa nyuma yangu, na mimi sikutaka wanione nimekaa. Sehemu ya kisimamo kile ilikuwa yao.

*Mafunzo matatu*

*1. Ruhusa ya Allah ni ibada, si unyonge.* Imran bin Huswayn (r.a.) alikuwa na maradhi ya bawasiri, akamuuliza Mtume ﷺ kuhusu sala. Akaelekezwa asali kwa kusimama. Akishindwa, kwa kukaa. Akishindwa, kwa ubavu. Hadithi hiyo ameipokea Bukhari. Na hiyo ni sala ya faradhi! Tarawehe ni sunna, ambayo hata mzima anaruhusiwa kuisali amekaa, ijapokuwa malipo yake ni nusu. Mgonjwa mwenye udhuru ametajiwa katika hadithi sahihi kuwa anaandikiwa yale aliyokuwa akiyafanya alipokuwa mzima. Basi mimi nilikuwa nakimbia nini kwenye kiti? Macho ya watu.

*2. Kidogo cha kila siku ndicho kinachojenga.* Nilidhani dawa ya kano ni kulala tu mpaka ipone. Sivyo. Baada ya muda wa kuilinda, kano inataka mzigo wa kiasi. Nyuzi mpya zinazoota mahali palipokatika huwa zimevurugika, na ule mzigo wa kupimwa ndio unaozipanga zielekee upande mmoja na kupata nguvu. Ukizidisha, unaumia. Ukiacha kabisa, inabaki dhaifu. Nikaanza kuinua visigino nikiwa nimekaa. Kisha nimesimama kwa miguu yote miwili, nimeshika ukuta. Baadaye sana, kwa mguu mmoja. Ilinichukua karibu mwaka mzima.

Sasa tazameni safu zetu. Usiku wa kwanza watu wamejaa mpaka barazani. Usiku wa leo safu zimepungua, kila mtu anajua. Tulianza kwa kuchomoka, na roho zikakatika pumzi. Mtume ﷺ ametufundisha kuwa amali inayopendeza zaidi kwa Allah ni ile ya kudumu, hata ikiwa ndogo. Aliyeshindwa juzuu kwa siku, asome kurasa mbili, lakini kesho asome tena.

*3. Kutoumwa si kupona.* Kano yangu ilikuwa hatarini zaidi pale maumivu yalipokwisha, kwa sababu ndipo nilipoacha kuwa na hadhari. Na moyo nao ni hivyohivyo. Wiki mbili bila kusengenya, bila kutazama haramu, mtu anajiona amepona. Bado. Nguvu ya toba yako utaiona Shawwal, mashetani wakifunguliwa na marafiki wale wale wakikupigia simu. Usitupe kiti chako mapema: yale mazingira yanayokulinda yashikilie mpaka uimarike.

*Kwa wenye majeraha*

Ukisikia mlio au kama teke nyuma ya kisigino, na huwezi kujiinua kwa vidole, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usikandwe wala kuvutwa mguu nyumbani. Ukiwa kwenye plasta au kiatu, kigimbi kikivimba na kuuma, au ukapata maumivu ya kifua na pumzi kubana, kimbilia hospitali haraka, huenda damu imeganda. Mambo ya udhu juu ya plasta na dawa za mchana muulizeni shekhe pamoja na daktari, msijiamulie.

*Amali ya leo*

Mwenye udhuru, usiku wa leo vuta kiti bila haya. Mzima, mpe nafasi mwenye kiti mwishoni mwa safu, na usimuulize "bado tu?" Swali hilo dogo ndilo lililonisimamisha mimi usiku ule. Na kila mmoja wetu achague amali moja ndogo, aishike mpaka baada ya Idi.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, zitakase nia zetu na macho ya watu, na utudumishe kwenye kidogo tunachokiweza. Aamin.

Tukutane kesho baada ya Alfajiri, inshaAllah. Mtumie mwenzio aliye na mguu unaouma.

Wabillahi tawfiq.