Ligi ni Ngazi

Majimaji yetu ya Songea iliposhuka kutoka Ligi Kuu mwaka 2018, nilikuwa mtoto mdogo, nikalia nikidhani timu imekufa. Sasa nimejifunza kwamba ligi ni ngazi.

Juu kabisa ipo Ligi Kuu, yenye timu 16. Kila moja hukutana na nyingine zote mara mbili, nyumbani na ugenini, yaani michezo 30. Ushindi ni pointi 3, sare 1. Timu mbili za mkiani hushuka Ligi ya Championship. Mbili za kwanza za huko hupanda. Chini yake ipo First League, halafu ligi za mikoa na wilaya.

Basi Majimaji, bingwa wa mwaka 1985 na 1986, haikufa. Njia ya kurudi ipo, ila hakuna arukaye kipandio.