Tujifunze Maneno: "Lessor" na "Lessee"

Leo tunasoma maneno mawili ya Kiingereza yanayofanana kama mapacha. Yanatofautiana kwa herufi mbili tu za mwisho, lakini herufi hizo zaweza kukuletea kesi ya shamba.

Lessor ni mwenye shamba, anayelitoa ili mwingine alilime kwa malipo. Lessee ni yule anayelipa, analima kwa muda, kisha analirudisha.

Hata Kiswahili chetu kinatuchanganya hapa. Kukodi ni kuchukua kwa malipo, kukodisha ni kutoa. Lakini sokoni mwenye shamba anasema, "Nimekodisha," na yule anayelima pia anasema, "Nimekodisha." Tukiongea tunaelewana kwa sababu tunajuana. Karatasi haimjui mtu.

Tuseme mama mmoja karibu na Keroka anampa jirani nusu eka apande nepia kwa miaka 3. Wanaandikiwa mapatano kwa Kiingereza, na mwandishi kwa makosa anamweka mama kuwa lessee. Mama anatia sahihi. Miaka 3 ikiisha, karatasi inasema jirani ndiye mwenye shamba na mama ndiye aliyekodi! Na je, kama hati ya shamba bado iko kwa jina la babu, kama mashamba mengi ya Kisii na Nyamira? Mama atakuwa na kazi ngumu kujieleza.

Njia ya kukumbuka: mwisho wa -or hutoa, mwisho wa -ee hupokea. Ndiyo maana employee ni mwajiriwa, na payee kwenye hundi ni yule anayelipwa. Lakini jihadhari! Debtor inaishia na -or, na maana yake ni mwenye kudaiwa. Kwa hivyo usibahatishe, uliza.

Kabla ya kutia sahihi:

1. Tafuta jina lako, halafu angalia neno lililo kando yake.
2. Karatasi yote isomwe kwa Kiswahili au Ekegusii mbele ya mashahidi wa pande zote mbili.
3. Hakikisha imeandikwa namba ya shamba, ukubwa, pesa, na tarehe ya kuanza na kumaliza.
4. Pelekeni maombi kwa Bodi ya Ardhi. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura ya 302, inataka kibali cha Bodi shamba la kilimo linapokodishwa katika eneo la udhibiti. Bila kibali, mapatano ni bure.
5. Kila upande ubaki na nakala.

Someni Yeremia 32:6-15. Nabii alinunua shamba kwa binamu yake mwenyewe, na bado aliandika hati, akaita mashahidi, akaiweka hati mahali salama. Kuandika vizuri si kumshuku ndugu. Ni kuulinda undugu.

Maswali ya kikundi:
1. Ukikodi shamba la majani chai, wewe ni nani: lessor au lessee?
2. Karatasi zenu za shamba ziko wapi leo, na nani mwingine nyumbani anajua?