KUFULI LA SHANGAZI NA KAULI YA KUTENDUA

Mwalimu wetu alipofundisha kauli ya kutendua alianza na mfano ambao kila mtu anaujua: funga, fungua. Wenzangu waliandika wakapita. Mimi nilikwama hapo, kwa sababu nyumbani kwa nyanya kuna picha ukutani. Ndani yake shangazi yangu na mumewe wameshika kufuli dogo la shaba darajani, mjini Paris, Ufaransa, mwaka wa 2013.

Wakati huo waliishi Ubelgiji, na ilikuwa ziara yao ya kwanza pamoja tangu wafunge ndoa. Walianza na Mnara wa Eiffel. Foleni ya lifti ilikuwa ndefu, basi wakapanda ngazi 674 hadi orofa ya pili, mumewe akihesabu kwa sauti na kupotea hesabu. Mnara huo ulijengwa kwa ajili ya maonyesho ya 1889 na ulitakiwa kubomolewa baada ya miaka 20. Kilichouokoa ni kazi ya redio, kwani urefu wake ulifaa kwa mawasiliano. Halafu walilitazama kanisa la Notre-Dame, likiwa bado na mnara wake wa zamani ulioteketea katika moto wa Aprili 2019. Lilifunguliwa tena Desemba 2024.

Jioni wakafika Pont des Arts, daraja la waendao kwa miguu kati ya Louvre na Institut de France. Daraja la kwanza la chuma mahali hapo lilimalizika 1804. La sasa lilijengwa upya kati ya 1981 na 1984. Wapenzi walikuwa na desturi ya kuandika majina yao kwenye kufuli, kulifunga katika wavu wa ukingo, kisha kutupa ufunguo mtoni Seine. Desturi hii ilivuma kutoka Roma, baada ya riwaya ya Federico Moccia ya 2006. Shangazi naye akafunga, akatupa.

Hebu tuangalie lugha kidogo. Sisi husema kufunga ndoa, tena kufunga pingu za maisha, kwa hivyo kufuli si geni kwetu. (Neno lenyewe limetoka Kiarabu, na ngeli yake ni LI-YA. Tafadhali usiseme "kufuli yangu imepotea"!) Tukitia -u- katika funga tunapata fungua, yaani kulirudisha tendo nyuma. Lakini aliyetupa ufunguo hawezi tena kufungua.

Mambo yaliharibika Juni 2014, sehemu ya ukingo ilipoanguka kwa uzito. Juni 2015 serikali ya jiji ikaanza kuyaondoa makufuli, karibu tani 45. Ndovu tisa wa tani tano tano! Nao hawakufungua hata moja moja. Waling'oa wavu mzima mzima kwa kreni, kisha wakaweka vioo.

Mwenzangu wa dawati anasema huo ni wizi. Mimi nasema daraja ni la watu wote, kama dawati hili alilochonga jina lake na ambalo mwakani atalikalia mwingine. Hakupenda jibu hilo.

Hata hivyo, siwezi kumwambia shangazi maneno hayo kwa urahisi. Mumewe alifariki 2018. Mwaka wa 2022 alirudi Paris peke yake, akasimama pale pale, akakuta kioo. Alipotusimulia Desemba iliyopita nilimwuliza kama alilia.

"Nililia kidogo, mwanangu. Halafu nikauona mto. Siku ile hatukuuona vizuri, makufuli yalikuwa yameuziba."

Kumbe pia kufuli huuzwa na funguo mbili. Wa pili aliukuta katika mfuko wa koti la marehemu, na sasa unaning'inia kwenye msumari ule ule wa picha kwa nyanya.

Basi msomaji, jaribu kutendua vitenzi hivi kabla ya kumwuliza mwalimu: ziba, kunja, tega, choma, vaa. Kwa hicho cha mwisho, jihadhari.