Kulea Watoto wa Paka Waliofiwa na Mama

Wahenga walisema paka akiondoka panya hutawala. Hapa Ekalakala, kila aliye na gunia la mahindi au kunde nyumbani anaijua maana yake. Lakini mtu akitega sumu, paka huweza kumla panya aliyeila sumu hiyo akafa naye, watoto wake wakabaki hata macho hawajafungua. Je, watupwe? La hasha! Hao ndio walinzi wa mavuno yajayo.

Kwanza ni joto. Mtoto wa paka hawezi kujipasha joto mwenyewe. Mweke ndani ya boksi lenye matambara na chupa ya maji moto iliyofungwa kwa kitambaa. Akiwa baridi usimnyweshe kitu mpaka apate joto, kwani tumbo lake halisagi chakula.

Pili ni maziwa. Ya ng'ombe hayana mafuta na protini ya kumtosha, tena mara nyingi humfanya aharishe. Yanayofaa ni maziwa ya unga ya watoto wa paka; muulize daktari wa mifugo. Tumia bomba la sindano bila ile sindano, naye alale kifudifudi. Ukimlaza chali kama mtoto mchanga, maziwa huweza kuingia mapafuni. Akishiba, mpanguse nyuma kwa kitambaa chenye maji vuguvugu, maana kabla ya wiki 3 hivi hawezi kwenda haja bila kusaidiwa. Mama yake hufanya kazi hiyo kwa ulimi.

Tatu ni kumlikiza, yaani kumwachisha maziwa. Anza akiwa na wiki 4, meno yameshatokeza. Chemsha nyama au samaki, uponde, uchanganye na maziwa yale yale mpaka iwe kama uji. Bwawa la Masinga haliko mbali, basi samaki wapo. Ila toa miiba yote, wala usitie chumvi wala vitunguu. Mpake kidogo mdomoni ajirambe. Punguza maziwa polepole, na maji safi yawepo. Akifika wiki 8 atakula bila maziwa.

Wengine humpa ugali mtupu. Paka ni mla nyama; akikosa nyama na samaki, macho na moyo wake huharibika.

Mwisho, akifika miezi 3 achanjwe kichaa cha mbwa, nasi tunawe mikono kila tumshikapo. Ndugu msomaji, haba na haba hujaza kibaba, lakini panya naye, haba na haba, hukimaliza!